GHARAMA NA FAIDA YA SHAHADA YA PILI: MFANO WA SAME NA MILIMA YA UPARE

Miongoni mwa fani ambazo vijana wahitimu na watumishi wa umma wamezielekea katika miaka ya karibuni ni uchambuzi wa takwimu za biashara, unaosomeshwa katika daraja ya shahada ya pili. Matangazo ya vyuo vinavyosomesha fani hiyo aghalabu huja na mambo mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: ada ya masomo na wastani wa mishahara ya waliohitimu. Msomaji hulinganisha tarakimu hizo mbili, akaona ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, na akadhani kuwa hesabu imekwisha. Makala haya yanaeleza kwa nini hesabu hiyo bado haijaisha, na namna ya kuikamilisha kabla ya familia kuuza mali au kuingia katika deni.

Mfano uliochaguliwa ni wa Wilaya ya Same na Milima ya Upare, Mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania Bara. Wakaazi wa huko wanajulikana kwa juhudi zao katika elimu tangu zama za skuli za misheni mwanzoni mwa karne ya 20. Aidha, hali yao inafanana kwa mengi na ya Visiwani. Mzazi wa Upare humsomesha mtoto kwa kahawa, tangawizi au ng'ombe wachache. Mzazi wa Pemba humsomesha kwa karafuu. Wote wawili hulipa ada inayodaiwa kwa tarehe maalumu kwa fedha inayopatikana kwa msimu, na wote wawili hawana nafasi ya kukosea mara mbili.

FANI YENYEWE NI IPI

Uchambuzi wa takwimu za biashara ni elimu ya kukusanya kumbukumbu za shughuli, kuzisafisha, kuzipanga kwa kompyuta na kuzitolea maamuzi. Mfanyabiashara wa tangawizi wa Mamba Miamba anayeandika katika daftari bei ya kila soko na uzito wa kila gunia amekwishaanza kazi hiyo. Tofauti iliyopo ni ukubwa wa daftari. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, malipo mengi ambayo zamani yalipita mkono kwa mkono bila ya kuandikwa sasa huacha kumbukumbu. Benki, kampuni za simu, mashirika ya bima, vyama vya akiba na mikopo, hospitali na halmashauri zina kumbukumbu nyingi kuliko watu wa kuzisoma. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano, nayo ilifanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi.

Kwa hiyo haja ya wataalamu ipo. Swali si kama elimu hiyo ina manufaa, bali ni kwa gharama gani, kwa njia gani, na kwa nani.

UPARE NA HESABU

Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa kuuliza swali hilo. Kwa vizazi vingi wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mlimani yanayokusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana ili yapite katika mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Kazi ya kujenga na kuzibua ndiva hufanywa kwa msaragambo, ambao ni ushirika wa nguvu kazi wa kijiji. Wenye ndiva hutazama mambo matatu: maji yanayoingia, maji yanayovuja na mashamba yanayongoja. Ndiva kubwa iliyojengwa juu ya kijito kidogo huwa ni jasho lililopotea.

Vile vile historia ya Same ina funzo lake. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha katika Upare kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilitaka kila mtu akadiriwe kwa kadiri ya mali yake. Maelfu ya wananchi waliteremka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, kuipinga, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyaeleza mapambano hayo katika maandishi yake ya mwaka 1971. Katika kiini cha mgogoro ule palikuwa na mas-ala ya makadirio: nani anakadiria, na kwa kipimo gani. Anayesoma tangazo la chuo lenye mishahara mikubwa naye anastahiki kuuliza hivyo hivyo.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KATIKA TANGAZO

Ili jambo hili lifahamike vyema, na tuchukue mfano wa mtumishi mwenye shahada ya kwanza anayefanya kazi Same na kupokea mkononi shilingi 800,000 kwa mwezi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji azibadilishe kwa zake. Mtumishi huyo anataka kwenda Dar es Salaam kusoma kwa miezi 18, akiwa ameacha mshahara wake. Gharama zake ni hizi:

(a) Ada ya mafunzo yote: shilingi 7,000,000.

(b) Nyongeza ya matumizi ya chakula na nyumba, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa miezi 18: shilingi 3,600,000.

(c) Kompyuta, vitabu na nauli: shilingi 2,000,000.

(d) Mshahara ambao hakuupokea, shilingi 800,000 kwa miezi 18: shilingi 14,400,000.

Jumla ni shilingi 27,000,000.

Katika hesabu hiyo yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, katika kifungu (b) imeandikwa nyongeza pekee, wala si chakula chote na kodi yote ya nyumba. Mtu hula hata akibaki Same. Anayehesabu chakula chote na mshahara wote uliopotea amehesabu kitu kimoja mara mbili. La pili, na ndilo kubwa zaidi, ni kwamba mshahara usiopokelewa ni zaidi ya nusu ya gharama yote, na ni maradufu ya ada. Tarakimu hiyo haimo katika tangazo la chuo chochote, kwa sababu chuo hakiipokei. Lakini anayeitoa ni mwanafunzi, na mara nyingi wanaoihisi ni wazazi, mke au mume, na wadogo zake waliokuwa wakimtegemea.

Natija yake ni hii: mtumishi akipata ruhusa ya masomo yenye mshahara, gharama ile ile hushuka hadi shilingi 12,600,000. Hakuna punguzo la ada linaloweza kulingana na hilo, kwani hata chuo kikisamehe ada yote, gharama ya asiye na mshahara itabaki shilingi 20,000,000. Kwa sababu hiyo barua ya mwajiri ina thamani kubwa kuliko tofauti ya ada baina ya chuo kimoja na kingine, na inafaa itafutwe kabla ya kutafuta chuo.

FAIDA NI NYONGEZA, SI MSHAHARA

Katika upande wa kipato, kosa linalotokea mara nyingi ni kuuhesabu mshahara mzima wa baada ya masomo kuwa ni faida ya masomo. Ikiwa mtumishi wa mfano wetu atarudi na kupokea mkononi shilingi 1,100,000, faida yake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Zile 800,000 alikuwa nazo kabla hajafunga safari.

Shilingi 27,000,000 zikigawanywa kwa 300,000 hutoa miezi 90, yaani miaka 7 na nusu ya kurudisha gharama. Akiwa alisoma kwa ruhusa yenye mshahara, shilingi 12,600,000 zitarudi kwa miezi 42, yaani miaka 3 na nusu. Tuseme sasa kwamba mtumishi mwengine anasoma huku akifanya kazi, jioni au kwa njia ya intaneti, kwa gharama ya jumla ya shilingi 12,000,000, na anapata nyongeza ndogo zaidi ya shilingi 200,000. Huyo atarudisha gharama zake kwa miezi 60, yaani miaka 5. Cheti chake huenda kikawa na jina dogo kuliko cha yule wa kwanza, lakini mfuko wake utajaa mapema zaidi kuliko wa aliyeacha mshahara.

Umri nao umo katika hesabu. Mtumishi mwenye miaka 30 akisoma miezi 18 na kurudisha gharama kwa miezi 90, atakuwa na miaka 39, na mbele yake ipo miaka 21 ya kuvuna kabla ya umri wa kustaafu kwa lazima, ambao ni miaka 60. Mwenye miaka 50 akifuata njia hiyo hiyo atakuwa na miaka 59 siku gharama inapomalizika kurudi. Atavuna mwaka mmoja. Mzee huyo hakatazwi kusoma, kwani elimu haina mwisho, lakini aelewe kwamba anasoma kwa ajili ya elimu, na asiuze shamba kwa kutarajia faida ya fedha.

WASTANI UNAVYOWEZA KUPOTEZA

Matangazo mengi hutaja wastani wa mishahara ya wahitimu. Tuwachukue wahitimu watano wanaopokea shilingi 900,000, 1,000,000, 1,100,000, 1,200,000 na 6,800,000. Jumla yao ni shilingi 11,000,000, na wastani ni shilingi 2,200,000. Katika watano hao hakuna hata mmoja anayepokea fedha inayokaribia wastani huo: wanne wako chini yake kwa mbali, na mmoja ameupita mara tatu. Mshahara wa yule aliyekaa katikati, wakipangwa kutoka wa chini hadi wa juu, ni shilingi 1,100,000. Huo ndio unaomwambia mwombaji wa kawaida habari zake. Chuo kinachotoa wastani bila ya mshahara wa kati kiulizwe.

Kadhalika iulizwe idadi ya waliojibu. Chuo kilichotoa wahitimu 60 kikapata majibu ya 20 kimetangaza habari za watu 20, na aghalabu aliyepata kazi nzuri ndiye mwenye hamu ya kujibu. Mfano wa uwazi upo. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, kilichoanzisha mwaka 2007 shahada ya pili ya uchambuzi wa takwimu ya miezi 10, hutoa taarifa ya kila mwaka inayoonesha wangapi wamehitimu, wangapi wamepata kazi, na mshahara wa kati ni upi. Tena huwatenga waliokuwa na uzoefu wa kazi na wasiokuwa nao. Utengaji huo ni muhimu, kwa kuwa mshahara mkubwa wa mwenye uzoefu haukuletwa na cheti peke yake.

MSHAHARA WA WAPI

Ada za fani hii zinatofautiana mno. Katika chuo cha MIT cha Marekani, kilichoanzisha shahada hiyo mwaka 2016, ada imepindukia dola 80,000 kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, katika nchi hiyo hiyo, ilianzisha mwaka 2017 shahada ya pili ya uchambuzi kwa njia ya intaneti kwa ada isiyofika dola 10,000 kwa mafunzo yote. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kina shahada ya pili ya sayansi ya data na uchambuzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1961, vimekuwa vikisomesha takwimu kwa miaka mingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejengwa juu ya msingi wa kumsomesha mtu pale alipo, na kina vituo mikoani.

Mishahara inayotangazwa na vyuo vya Marekani ni ya watu wanaofanya kazi Marekani. Mwanafunzi wa Same au wa Chake Chake anayekusudia kurudi nyumbani hawezi kulipa ada ya dola kwa kutegemea mshahara huo. Anayekusudia kubaki naye hana hakika ya kibali cha kazi. Mnamo Septemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya kibali cha H-1B, ambacho waajiri wa huko hukitumia kuwaajiri wataalamu wa kigeni. Aliyepanga safari yake mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo hakuwa amekosea hesabu. Kilichobadilika ni mlango.

SOKO HUPANDA NA KUSHUKA

Wakulima wa Upare wanaikumbuka kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Wazazi waliowaandikisha watoto skuli kwa kutegemea bei ya jana walijikuta wakilipa ada kwa bei ya leo. Visiwani hali ilikuwa hiyo hiyo kwa karafuu: Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na mnunuzi akageuka kuwa mshindani.

Fani ya masomo ni kama zao. Mwaka 2007 waliokuwa na cheti hiki walikuwa wachache na soko liliwangoja. Tangu wakati huo vyuo vingi duniani vimeianzisha fani hiyo, na wahitimu wameongezeka kila mwaka. Aidha, programu za kompyuta zenye akili bandia zimeanza kufanya sehemu ya kazi ambayo zamani ilifanywa na mchambuzi mchanga. Kwa hiyo mwenye busara hupiga hesabu yake mara mbili: mara moja kwa matumaini na mara moja kwa tahadhari. Ikiwa katika wahitimu watatu ni wawili tu wanaopata ile nyongeza ya shilingi 300,000, basi nyongeza ya kutarajiwa ni shilingi 200,000, na ile miezi 90 inakuwa miezi 135, yaani miaka 11 na miezi 3.

WATUMISHI WA UMMA NA WENYE MIKOPO

Inafaa ifahamike kwamba katika utumishi wa umma mshahara hufuata cheo na muundo wa utumishi wa kada husika. Cheti kipya hakipandishi mshahara siku kinapowasilishwa. Mtumishi aulize kwa maandishi, kabla ya kuondoka, iwapo shahada anayoikusudia inatambuliwa katika muundo wa kada yake, na atarudi katika nafasi ipi. Anayekwenda nje ya nchi ahakikishe pia kuwa shahada hiyo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Wapo ambao bado wanadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza. Kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni limalizike. Mshahara ukipanda, makato nayo hupanda. Makato hayo si hasara mpya, kwani ni deni la zamani linalolipwa mapema zaidi, lakini hupunguza fedha inayofika nyumbani katika miaka ile ile ambayo familia inangoja nafuu. Kwa upande wa Zanzibar, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoanzishwa mwaka 2011 ndiyo inayohusika, na waombaji wanashauriwa kuzipata taarifa za masharti katika Afisi zake wenyewe, wala wasitegemee maneno ya mitaani.

KARATASI MOJA KABLA YA KUUZA SHAMBA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwombaji, pamoja na wazee wanaomgharimia, anashauriwa kukaa na karatasi moja na kuandika majibu ya maswali yafuatayo kwa kila chuo anachokifikiria:

1. Ada ya mafunzo yote ni kiasi gani, na inalipwa kwa fedha ya nchi gani?

2. Ni miezi mingapi nitakuwa bila ya mshahara, na jumla ya mshahara huo ni ngapi?

3. Nyongeza ya matumizi yangu, juu ya ninayotumia sasa, ni kiasi gani?

4. Mshahara wa kati wa wahitimu wanaofanya kazi pale ninapokusudia kufanya kazi ni upi, na wangapi walijibu?

5. Nyongeza ya mkononi, baada ya kodi na makato, ni kiasi gani, na itachukua miezi mingapi kurudisha gharama?

6. Nyongeza hiyo ikikosekana, familia itaishi vipi, na kitu gani kilichouzwa hakitarudi?

Swali la sita ndilo lililo zito kuliko yote. Ng'ombe akiuzwa huweza kununuliwa mwengine. Shamba la mlimani katika Upare, lililorithiwa na kugawanywa kwa vizazi hadi likawa dogo, likishatoka mkononi ni nadra kurudi. Na hivyo hivyo shamba la mikarafuu. Familia ikiona kwamba jibu la swali hilo linaigusa ardhi, itazame kwanza njia ya kusoma kazini au ya kungoja mwaka mmoja ili ruhusa yenye mshahara ipatikane. Mwaka wa kungoja una gharama ndogo, nayo inaweza kuandikwa katika karatasi hiyo hiyo.

Yaliyoelezwa hapa hayakusudii kumzuia yeyote asisome. Yapo manufaa ya elimu yasiyoingia katika daftari: kazi inayofanywa kwa ufahamu, afisi inayopata mtu wa kuzisoma takwimu zake, na wadogo wanaopata mfano wa kuufuata. Manufaa hayo ni ya kweli, na mwenye uwezo wa kuyalipia ana haki ya kuyatafuta. Lakini anayekopa au kuuza kwa ajili ya masomo anawajibika kujua, kabla ya kutia saini, ni kiasi gani anatoa, ni lini kitarudi, na kisiporudi atakayeubeba mzigo huo ni nani.